Upepo hugeuka, mkondo je?

Mwalimu, kaskazi inavuma kutoka Mombasa, lakini huku Tanga nyavu zetu bado zinavutwa kwenda huko huko Mombasa. Mkondo si hufuata upepo? (Mvuvi, Tanga)

Si kila mahali, ndugu yangu. Maji yenu yana asili ya mbali: yanavuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki, yanapita ncha ya kaskazini ya Madagaska, yanagonga bara karibu na Rasi Delgado. Hapo hugawanyika, mengine yakashuka Msumbiji, mengine yakapanda Mtwara, Unguja na kwenu. Ukiacha maji kupwa na kujaa, mkondo huo unakwenda kaskazini mwaka mzima. Kaskazi huupunguza kasi tu.

Unaogeuka ni Mkondo wa Somalia. Desemba hadi Februari unashuka, unakutana na wetu jirani na mpaka wa Kenya na Somalia, na yote miwili inapinda mashariki kwenda bahari kuu. Kusi ikiingia, mikondo hiyo inaungana na kukimbilia Bahari ya Arabu kwa mwendo unaoweza kupita mita 2 kwa sekunde. Jahazi lililokosa upepo hapo halina la kufanya.

Nilikwenda Salalah mwezi wa saba nikakuta ukungu na manyunyu, na Muscat tunaungua! Bahari inahusika? (Msomaji, Muscat)

Sana. Kusi huvuma sambamba na pwani ya Dhofar, jimbo lenye Salalah. Kwa kuwa dunia inazunguka, kaskazini ya ikweta maji ya juu husogea kuliani mwa upepo, yaani yanaihama pwani, na ya baridi yanapanda kutoka chini kuziba pengo. Hewa yenye unyevu ikipita juu yake inapoa na kuwa ukungu, milima ikaunasa. Ndiyo khareef yenyewe, msimu wa ukungu wa huko. Maji hayo hupanda na rutuba, ndiyo maana dagaa hujaa. Pwani ya Somalia nayo ni hivyo hivyo. Huko joto la maji huweza kushuka chini ya nyuzi 20, na ni jirani kabisa na ikweta!

Eti Somalia kuna duara la maji linalozunguka? (Mwanafunzi, Lamu)

Lipo, ila usiwaze shimo la kumeza vyombo. Upana wake hupita kilomita 400. Ukiwa ndani yake hulitambui kwa macho. Huzunguka kama mishale ya saa, na kusi ikishakufa lenyewe bado linaendelea kwa wiki kadhaa.

Manahodha wa zamani walijuaje wakati wa kurudi Arabuni? (Msomaji, Mombasa)

Walitweka kusi ikiwa bado changa, Aprili au Mei. Aliyechelewa hadi Juni alingoja bandarini mpaka ipoe.