Vyeti ninavyo, usaili siitwi

SWALI: Ndugu mhariri, nilihitimu shahada ya uhasibu hapa Dar es Salaam mwaka juzi. Naomba kazi Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa maombi ya kazi serikalini, kila zinapotangazwa, lakini siitwi hata kwenye mchujo. Kampuni binafsi nazo zinataka uzoefu. Nitautoa wapi?
Mhitimu, Mbagala

JIBU: Pole sana, ndugu yetu. Asiyeitwa hata kwenye mchujo mara nyingi amekwamishwa na nyaraka, si uwezo. Fungua akaunti yako ukague moja baada ya nyingine. Karatasi ya matokeo ya kidato cha nne au cha sita haipokelewi; pakia cheti chenyewe. Cha chuo kiambatane na transkripti, na nakala zithibitishwe na wakili. Barua ielekezwe kwa Katibu, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na uisaini. Wengi hupakia barua ya tangazo lililopita, yenye cheo kingine kabisa! Kama majina ya vyeti na ya NIDA yanatofautiana, hata kwa herufi, mwone wakili akuandalie hati ya kisheria ya majina. Na anayekuomba hela ili "akupitishe" ni tapeli.

Uzoefu utafute kwenye ofisi ndogo za ukaguzi na ushauri wa kodi, Posta na Kariakoo. Kampuni zinazofunga hesabu Desemba huwasilisha ritani (taarifa ya kodi) ya mapato TRA kufikia Juni 30, kwa hiyo peleka barua Januari au Februari, kabla kazi hazijawafika shingoni. Usiandike "niko tayari kwa kazi yoyote". Taja unachokiweza: PAYE, yaani kodi ya mishahara, inayotakiwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, ritani ya VAT ya kila tarehe 20, usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha taarifa ya benki na daftari la fedha la kampuni.

Huo usuluhishi ufanyie mazoezi hasa, maana unaweza kupewa taarifa ya benki na daftari la fedha palepale. Wahitimu wengi hukosea makato ya benki: wanayarekebisha upande wa benki, wakati yanapaswa kuingizwa kwenye daftari. Kinachorekebishwa upande wa benki ni hundi ambazo hazijawasilishwa, na fedha zilizopelekwa ambazo benki haijaziingiza.

Jisajili pia TaESA, huduma ya ajira ya serikali, kwa nafasi za mafunzo kazini, na uanze mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, sasa, usingoje ajira. Popote utakapojitolea, hata kwa miezi mitatu, omba barua yenye tarehe na kazi ulizofanya kabla hujaondoka.