Mama tumbo linajaa miezi 3, dawa za vidonda hazisaidii

Pole sana, dada. Umesema mama ana miaka 58, tumbo linajaa kila siku, anashiba kwa matonge mawili, haja ndogo haimpi nafasi, na dawa za vidonda vya tumbo hazijasaidia kitu. Usisubiri dozi nyingine. Shangazi yangu alitibiwa gesi hivyo hivyo karibu nusu mwaka, kumbe ilikuwa saratani ya ovari (mifuko ya mayai ya uzazi ya mwanamke), tena imeshasambaa.

Sisemi mama anayo. Dalili hizo zina sababu nyingi, na mara nyingi si saratani. Ila zikiwa mpya na zinarudi karibu kila siku kwa mwanamke aliyekwisha koma hedhi, lazima ovari ziangaliwe.

Wiki hii mpeleke kwa daktari wa magonjwa ya wanawake, mwombe ultrasaundi ya nyonga na kipimo cha damu cha CA-125. Hicho cha damu peke yake hakitoshi: hata uvimbe wa kawaida wa kizazi huweza kukipandisha, na saratani changa huweza isionekane. Kama alishapimwa shingo ya kizazi akaambiwa yuko salama, hilo halihusu ovari kabisa. Wengi tunachanganya hapo. Mtajie daktari pia ndugu wa damu waliougua saratani ya matiti au ovari.

Tafadhali asikandwe tumbo. Akianza kutapika mfululizo, kupumua kwa shida au tumbo kuvimba ghafla, nendeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.