Ndege hupanga njia au hupangiwa?

SWALI: Natafsiri maelezo ya mfumo wa kompyuta uliojaribiwa kupokea ndege katika uwanja wa Dallas/Fort Worth, Marekani. Niliandika: "Kompyuta inapanga ndege njia ya kutulia." Mhariri ameikata sentensi nzima bila maelezo. Kosa liko wapi? (Mfasiri, Mwanza)

JIBU: Yako matatu, na la pili ndilo tamu.

Kwanza umeacha kiambishi cha kutendea, kile kinachoigeuza panga kuwa pangia. Mwalimu mpya hapangi kituo cha kazi, hupangiwa, na ndege vivyo hivyo: "Ndege imepangiwa njia." Ukiandika "ndege imepanga njia", msomaji wa mjini atamwona mpangaji aliyelipa kodi ya miezi sita. Dallas kitenzi hiki kina kazi kweli, maana uwanja una njia saba za kurukia na kutua ndege. Jomo Kenyatta, Nairobi, una moja tu, yenye majina mawili: 06 ukiijia upande huu, 24 ukiijia upande wa pili, kwa kufuata nyuzi za dira. Hapo kupangiwa njia ni kuambiwa uingilie upande gani, kutegemea upepo.

Sasa "kutulia". Ruka imezaa rukia, tukapata "njia ya kurukia ndege", yaani mahali pa kurukia. Tua nayo ilizaa tulia kwa mtindo uleule, lakini tulia ilihama nyumbani zamani. Mtoto hutulia, bahari hutulia, mwenye hasira huambiwa atulie. "Njia ya kutulia" inanipa picha ya ndege iliyozima injini katikati ya lami, rubani anakunywa chai. Ndiyo maana husemwa "njia ya kurukia na kutua ndege": kitenzi kimoja kimevaa kiambishi, cha pili kiko wazi, na sikio halilalamiki. Kwa ndege zinazowasili, "njia ya kutua" inatosha.

Hujauliza, lakini najua utakutana na "ratiba" huko mbele. Ratiba ni ile ya abiria, iliyobandikwa ukutani. Kompyuta hukadiria saa ambayo kila ndege ingefika ikiachwa ije yenyewe, kisha huzipa zamu ili zisikaribiane mno. Basi tofautisha "saa iliyokadiriwa" na "saa iliyopangwa". Ya kwanza ikiwa 4:10 na ya pili 4:14, ndege hiyo ina dakika nne za kupotezwa angani, na kuna mtu wa kuipunguzia mwendo au kuizungusha.

Mtu huyo ni mwongoza ndege, na hapo ndipo lilipo kosa la tatu: sentensi yako inahitaji kiima kingine. Katika majaribio ya Dallas mwaka 1996, mfumo ulionyesha zamu na njia kwenye skrini tu. Amri ilitoka kinywani mwa mwongozaji. Ningeandika: "Kompyuta inapendekeza zamu na njia ya kutua, mwongozaji ndiye anayeipangia ndege."