Shule ya sekondari ya Kiwelisi: ilianzia wapi, na sayansi ilifundishwaje?

Kuna aliyeuliza kama Rhydfelen ndiyo shule ya sekondari ya kwanza kufundisha kwa Kiwelisi, lugha ya Wales: hapana. Ysgol Glan Clwyd ilitangulia, ikafunguliwa Rhyl, kaskazini mwa Wales, mwaka 1956 na halmashauri ya Flintshire, kisha ikahamia St Asaph mwaka 1969. Rhydfelen, karibu na Pontypridd, ilifuata mwaka 1962 ikiwa ya kwanza kusini mwa Wales, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Gwilym Humphreys.

Kuhusu sayansi, ilianza kufundishwa kwa Kiingereza, ndiyo maana ziliitwa shule za lugha mbili. Mwanzoni mtoto alisoma historia, jiografia na dini kwa Kiwelisi, kengele ikilia anaingia hesabu au kemia kwa Kiingereza. Vitabu vya sayansi kwa Kiwelisi vilikuwa haba mno, istilahi nazo bado hazijakaa sawa. Walimu waliandaa maandishi yao wenyewe, kazi kubwa ambayo haisifiwi inavyostahili. Kiwelisi kiliingia kwenye masomo hayo baadaye, hatua kwa hatua.

Usisahau shule za msingi. Ile ya Llanelli, kusini mwa Wales, shule ya msingi ya Kiwelisi ya kwanza chini ya halmashauri, ilianza 1947. Watoto wengi wa kusini walitoka nyumba zinazozungumza Kiingereza. Asiyepitia msingi wa Kiwelisi angefika sekondari akiwa na miaka 11 na kuachwa nyuma tangu wiki ya kwanza. Shule za msingi zilipoongezeka, Rhydfelen ilifurika, ndipo sekondari nyingine ya Kiwelisi, Llanhari, ikafunguliwa mwaka 1974. Rhydfelen yenyewe ilihamia Church Village mwaka 2006 na sasa inaitwa Garth Olwg.