Udata: Ukatwe au Uachwe?

MASWALI YA WASOMAJI: MKUNGA ANAJIBU

Swali

Shikamoo Mama Mkunga. Mimi ni mama wa mtoto wa kwanza, mvulana wa wiki tano, na ninaishi Morogoro. Mwanangu alizaliwa na kilo 3.1, alipotimiza wiki mbili akapimwa kilo 3.0, na juzi kliniki amepimwa kilo 3.6. Tangu siku ya tatu ananyonya kwa shida. Hukaa kwenye titi karibu saa nzima, hutoa mlio kama wa mtu anayegongesha ulimi, huachia titi na kulirukia tena, na chuchu yangu ya kushoto imepasuka kiasi kwamba anapoanza kunyonya machozi hunitoka. Mama mkwe wangu alimfunua kinywa, akaona utando umeuvuta ulimi chini, akasema huo ni udata na usipokatwa mapema mtoto atakuwa na kitembe. Mtaani kwetu kuna mzee anayekata udata na vimeo kwa kiwembe, na siku imeshapangwa. Muuguzi wa zahanati aliniambia niuache, utajiachia wenyewe. Dada yangu aliyeko Dar es Salaam naye anasema nimpeleke hospitali ya kulipia akakatwe kwa leza. Nimsikilize nani?

Mama wa Kwanza, Morogoro

Jibu

Marahaba mwanangu, na hongera kwa uzazi. Kabla hatujafika mbali, naomba ile miadi ya mzee wa kiwembe uivunje leo, hata kama itabidi umwombe mume wako akazungumze na mama yake badala yako. Mengine yote tunaweza kuyajadili bila haraka, lakini hilo haliwezi kusubiri.

Udata kila mtu anao. Simama mbele ya kioo, inua ulimi, nawe utaona ukunjo mwembamba wa ngozi laini ukitoka chini ya ulimi kuelekea nyuma ya meno ya mbele. Kwa baadhi ya watoto, na wavulana zaidi ya wasichana, ukunjo huo huwa mfupi, mnene, au umeshikana karibu sana na ncha, ndipo ulimi ukashindwa kunyanyuka au kuvuka ufizi wa chini. Mtoto wa namna hiyo akilia, mara nyingi utaona ncha ya ulimi imeingia ndani katikati, mfano wa kopa katika karata. Hali hii pia hurithiwa, kwa hiyo si ajabu ukimkuta babu au shangazi ambaye ulimi wake hautoki nje vizuri, naye amekula, ameimba na kugombana na watu maisha yake yote bila tatizo.

Basi mama mkwe wako huenda ameona sawasawa. Hata hivyo umbo la ulimi peke yake halitoshi kuwa sababu ya kukata. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2024, kilieleza kwamba chini ya nusu ya watoto wenye ulimi wa aina hiyo ndio wanaopata shida ya kunyonya. Ninalokuomba ulitazame ni jinsi ulimi unavyofanya kazi kwenye titi, na kazi hiyo hupimwa kwa mambo mawili: uzito wa mtoto na maumivu ya mama.

Tuanze na uzito, kwa sababu umeniandikia namba na namba hizo zinasema jambo. Mtoto hutarajiwa kurudia uzito wake wa kuzaliwa akiwa na wiki mbili hivi, na wako alikuwa bado amepungukiwa gramu 100. Huo ulikuwa mwanzo wa taratibu, nami ningekuwa kliniki siku ile ningekutaka urudi baada ya siku chache. Lakini kutoka wiki ya pili hadi ya tano ameongeza gramu 600 katika siku 21, yaani karibu gramu 29 kwa siku, na hilo ni ongezeko zuri. Kama pia analowesha nepi sita au zaidi kwa siku, maziwa yanamfika. Anayapata kwa jasho, na wewe unayatoa kwa machozi, lakini yanamfika. Kwa hiyo muda wa kufanya jambo kwa utulivu upo.

Maumivu yako nayapa uzito uleule ninaoupa mzani. Wanawake wengi wameambiwa kwamba kunyonyesha ndivyo kulivyo, wavumilie. Mimi siwaambii hivyo. Siku za mwanzo chuchu inaweza kuwa nyepesi kuumia, lakini wiki ya tano chuchu iliyopasuka ni dalili kwamba kinywa hakijalishika titi inavyotakiwa, iwe ni kwa sababu ya udata, iwe ni kwa sababu ya namna anavyopakatwa. Na kwa mama anayeishi na virusi vya Ukimwi, chuchu iliyopasuka ni sababu ya kwenda kliniki siku hiyohiyo, kwa kuwa huongeza hatari ya mtoto kuambukizwa.

Sasa fanya hivi. Nenda kliniki ya mama na mtoto, wakati ambapo mtoto ana njaa, umwombe mkunga au muuguzi akae nawe mtoto anyonye mbele yake mwanzo hadi mwisho. Wengi huishia kusimuliana, na masimulizi hayaoneshi kidevu cha mtoto kiko wapi. Mtoto alale ubavu, tumbo lake likigusana na lako, sikio, bega na nyonga vikiwa katika mstari mmoja. Pua yake iwe mkabala na chuchu, umsubiri afumbue kinywa wazi kama anayepiga mwayo, kisha umlete yeye kwenye titi haraka, badala ya wewe kuinama na kumpelekea titi. Akishika vizuri, kidevu kinazama kwenye titi, mdomo wa chini unapinduka nje, na sehemu nyeusi ya titi inaonekana zaidi juu ya mdomo wa juu kuliko chini. Utamsikia akimeza. Akiachia, itazame chuchu yako papo hapo: ikiwa imetoka ya duara, ameshika vizuri, ikiwa imebonyea upande mmoja kama ncha ya rangi ya mdomo iliyotoka dukani, imekuwa ikibanwa kati ya ulimi na kaakaa.

Baada ya hapo muuguzi anawe mikono na kupitisha kidole kidogo chini ya ulimi, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kidole kikipita bila kukwama, udata huo hauna kosa kubwa. Kikijikwaa kwenye kitu kilichokaza kama uzi wa nailoni, na mtoto akishindwa kukikunjia kidole ulimi anapokinyonya, tuna udata wa kuzungumzia. Mwombe pia aangalie kaakaa lisiwe na mwanya, na kama kuna utandu mweupe wa fangasi mashavuni, maana fangasi huleta maumivu makali ya chuchu na ulimi ukasingiziwa bure.

Nimeona mara nyingi akina mama waliokuja wakiwa wamekwisha kuamua kukata, wakabadilishiwa mkao tu, na siku ya nne wakaja kuniambia kwamba wamelala. Nimeona pia wachache ambao mkao ulirekebishwa na kurudiwa, mkunga akakaa nao asubuhi na jioni, na bado chuchu ikatoka imebonyea. Hao wa pili nisingewanyima mkasi.

Ukifika hapo, kukata kwa mtoto mchanga ni kazi ya sekunde chache mikononi mwa daktari wa kinywa na meno, wa masikio, pua na koo, au wa watoto aliyejifunza kazi hiyo. Mtoto hufungwa kwenye shuka, ulimi hunyanyuliwa, ukunjo hukatwa kwa mkasi safi wenye ncha butu, damu hutoka matone machache yanayokauka kwa kubanwa na shashi, kisha mtoto hurudishwa kwenye titi papo hapo. Kwa siku kadhaa utaona alama nyeupe au ya manjano chini ya ulimi, nayo ni kidonda kinachopona, si usaha. Kabla ya kukatwa mwambie daktari kama mtoto alipata sindano ya vitamini K alipozaliwa, jambo ambalo mara nyingi hukosekana kwa waliozaliwa nyumbani, na kama katika ukoo kuna mtu ambaye damu yake haigandi kwa urahisi. Madhara ni nadra lakini yapo: damu nyingi, maambukizi, kuumia kwa mirija ya mate iliyo pale chini, au ukunjo kushikana tena.

Faida yake nayo usiikuze kupita kiasi. Tathmini ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, ilikusanya majaribio 5 yenye watoto 302, ikaona kwamba kukata kulipunguza maumivu ya chuchu ya mama kwa muda mfupi, lakini haikupata uthibitisho ulio sawa katika majaribio yote kwamba mtoto mwenyewe alinyonya vizuri zaidi. Kwa hiyo anayekuahidi kwamba kukata kutamaliza gesi, kucheua na kilio cha usiku anakuuzia kisichokuwemo kwenye kikapu. Leza hali kadhalika: hugharimu zaidi, na sijaona sababu ya kuipendelea kuliko mkasi kwa udata mwembamba wa mtoto wa wiki tano. Ukiambiwa na hiyo hospitali ya kulipia kwamba kuna udata mwingine uliojificha nyuma, ambao hauonekani kwa macho, omba ushauri wa daktari wa pili, kwa sababu mabingwa wenyewe hawajakubaliana maana yake.

Sasa nieleze habari ya kiwembe. Chini ya ulimi kuna mishipa ya damu iliyo wazi kabisa, na mtoto wa wiki tano hana damu ya kupoteza. Kiwembe kilichotumika kwa mtoto wa jirani kinaweza kuleta pepopunda, homa ya ini na virusi vya Ukimwi. Zaidi ya hayo, wanaokata udata mara nyingi ndio wanaokata vimeo na kung'oa yale wanayoyaita meno ya plastiki, ambayo ni vichipukizi vya meno halisi ya mtoto. Unaweza kumpeleka kwa jambo moja akarudi amefanyiwa mawili. Nilipokuwa kazini niliwahi kupokea mtoto aliyekatwa kimeo alfajiri, akaletwa saa nne ametiwa kwenye kanga iliyolowa damu, midomo imekuwa myeupe kama karatasi. Aliongezewa damu, akapona. Bibi yake alikuwa amemshika muda wote kwa mapenzi yale yale aliyo nayo mama mkwe wako.

Kuhusu muuguzi wa zahanati: ana nusu ya haki. Ni kweli kwamba ukunjo mwembamba huweza kulegea kadiri kinywa kinavyokua, na hatujaona uthibitisho wa kutosha kwamba kumkata mtoto mchanga humkinga na kitembe. Ila hakupaswa kukuachia urudi nyumbani na titi lile bila kumtazama mtoto akinyonya.

Uamuzi wangu, kwa niliyoyasoma, ni kwamba usikate wiki hii. Jipe siku saba za kumpakata kama nilivyoeleza, ukisimamiwa walau mara mbili. Anzia titi la kulia lisilouma. La kushoto ukilishindwa, kamua kwa mkono na umnyweshe kwa kikombe kidogo, usitumie chupa. Ukimaliza paka tone la maziwa yako kwenye mpasuko na uache ukauke kwa hewa. Siku ya nane, kama chuchu bado inatoka imebonyea na machozi bado yanakutoka, omba rufaa ya hospitali, ukakate bila kujilaumu. Usisubiri siku ya nane kama mtoto atapunguza nepi, atalala bila kuamka kunyonya, au wewe utapata homa na titi kuwa jekundu na moto. Na mama mkwe nenda naye kliniki. Akiona kidole cha muuguzi kikipita chini ya ulimi ataelewa haraka kuliko ukimsomea barua yangu.

Swali

Asalaam aleikum Bi Mkunga. Binti yetu ana miaka miwili na nusu na maneno yake hayazidi kumi. Nyanya yake asema ni udata na kwamba tumechelewa kuukata. Alinyonya vizuri hadi miaka miwili. Je, bado inawezekana kukatwa?

Baba, Mombasa

Jibu

Wa aleikum salaam, baba. Kukatwa kunawezekana katika umri wowote, ila kwa umri wake atahitaji kulazwa kwa dawa ya usingizi, na sidhani kwamba ndiko shida iliko. Udata ukizuia kitu huzuia namna sauti inavyotoka, hasa zile zinazotaka ncha ya ulimi kama t, d, n, l, r, th na dh. Hauzuii maneno yasiwepo. Mama, baba, babu, bibi, embe: hayo yote hutamkwa kwa midomo, na mtoto mwenye ulimi mfupi kabisa huyasema. Tena kusema "lula" badala ya "rula" si kasoro kwa mtoto wa umri wake.

Mtoto wa miaka miwili na nusu mwenye maneno kumi apimwe masikio kwanza. Je, mkimwita kwa sauti ya kawaida akiwa amewapa mgongo, hugeuka? Amewahi kutokwa na usaha masikioni, kuugua homa ya uti wa mgongo, au kuwa na manjano makali alipozaliwa? Je, hunyoosha kidole kuwaonesha kitu anachokitaka, na hufuata agizo kama "lete kiatu" bila kuoneshwa kwa mkono? Pelekeni majibu hayo kwa daktari wa masikio, pua na koo, pamoja na kadi yake ya kliniki na karatasi yenye yale maneno kumi, yameandikwa vilevile anavyoyatamka yeye.