Monita ni ya meza, si ya akaunti: kupanga skrini kwenye kompyuta za wengi

Ukisimamia chumba cha kompyuta ambamo watu hupokezana mashine, malalamiko haya hayakupiti: "Mwalimu, kompyuta ya leo imegeuka. Nikisukuma kipanya kulia kinagota, nikisukuma kushoto ndiyo kinapita kwenye kioo cha pili." Mashine ni nzima na mwanafunzi hajaharibu kitu. Siku iliyopita alikaa meza nyingine yenye monita mbili za aina ileile, akazipanga vizuri, na mpangilio ule ukamfuata hadi meza ambayo waya zake zimechomekwa kinyume.

Maabara ninayoitunza inatumia Ubuntu, mfumo endeshi wa aina ya Linux, yenye GNOME, programu inayosimamia madirisha, menyu na skrini, na mafaili ya wanafunzi yako kwenye seva ili kila mmoja akute kazi zake popote atakapokaa. Kwa kazi za masomo utaratibu huo ni mzuri sana. Kwa monita unaleta vurugu, kwa sababu GNOME huandika mpangilio wa skrini ndani ya akaunti ya mtumiaji, kwenye faili la ~/.config/monitors.xml. Humo kila monita hutambuliwa kwa mambo manne: tundu ilipochomekwa, mfano DP-1 au HDMI-1, kisha mtengenezaji, modeli na namba ya utambulisho ya monita yenyewe. Yote yakilingana na vilivyopo mezani, mpangilio uliohifadhiwa hutumika. Kimoja kikitofautiana, GNOME hupanga upya kwa kukisia. Sasa monita nyingi za bei nafuu hazitaji namba ya kweli. Zote hujitambulisha kwa namba ileile. Meza mbili zikiwa na monita za namna hiyo, kompyuta inaziona kuwa meza moja.

Ushauri wangu ni kwamba kabla ya kugusa faili lolote, tenganisha kilicho cha meza na kilicho cha mtu. Rezolusheni, ipi iko kushoto na ipi kulia, ipi imesimamishwa wima, ipi ndiyo kuu: hivyo ni vya meza, kwa sababu vinafuata waya na vyuma. Ukubwa wa maandishi, mwanga wa usiku, rangi nyeusi au nyeupe: hivyo ni vya mtu, kwa sababu vinafuata macho yake. Nimeona wasimamizi wakifunga kila kitu kwa pamoja wapate utulivu, na anayeumia ni mwanafunzi mwenye macho hafifu ambaye hawezi tena kukuza maandishi. Tafadhali usifanye hivyo.

Vya meza viweke kwenye mfumo. Ingia kwa akaunti yako ya usimamizi kwenye meza husika, fungua Mipangilio, panga monita zikae kama zilivyo mezani, ukubali mabadiliko. Kisha fungua terminal, dirisha la kuandikia amri, uandike:

sudo install -m 644 ~/.config/monitors.xml /etc/xdg/monitors.xml

Hiyo 644 ina maana yake. Faili lazima lisomeke na kila mtu, pamoja na akaunti ya mfumo inayoendesha ukurasa wa kuingilia. Ukiishia hapo tu, mtumiaji mwenye faili lake bado atakwenda na la kwake. Ili faili la mfumo pekee ndilo lisomwe, lifungue na chini ya mstari wa <monitors version="2"> ongeza:

<policy><stores><store>system</store></stores></policy>

Halafu likague kwa xmllint --noout /etc/xdg/monitors.xml, amri ya kukagua uandishi wa mafaili ya XML, maana alama moja isiyofungwa hulifanya faili zima likataliwe, nawe utabaki unashangaa kwa nini hakuna kilichobadilika. Jaribu kwa akaunti mpya kabisa ambayo haijawahi kuingia popote, siyo yako wewe uliyezoea kila kitu.

Kwenye matoleo ya zamani ya GNOME njia hii haipo. Huko ukurasa wa kuingilia hupewa nakala yake ndani ya /var/lib/gdm3/.config/, na nakala hiyo imilikiwe na akaunti ya gdm.

Huhitaji faili tofauti kwa kila mashine. Ndani ya monitors.xml moja unaweza kuweka vipande vingi vya <configuration>, kimoja kwa kila aina ya meza, ukasambaza faili hilohilo chumba kizima kwa Ansible, programu ya kusimamia mashine nyingi kwa pamoja, au hata kwa scp, amri ya kunakili faili kupitia mtandao. Kila mashine itachukua kipande kinachoifaa na kuviacha vingine. Sharti lake ni nidhamu ya waya: monita ya kushoto iende tundu la kwanza, ya kulia tundu la pili, meza zote. Bandika karatasi ya gundi yenye namba kwenye waya na kwenye tundu, na mfanya usafi aoneshwe pia, kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye anayezichomoa akivuta meza ili apige deki.

Kama toleo lako bado lina Wayland na Xorg, mifumo miwili ya kuchora picha kwenye skrini, angalia pia mashine zinaingia kwa upi, kwa sababu majina ya matundu hubadilika. Kwenye kadi za AMD, tundu linaloitwa DP-1 upande wa Wayland huweza kuitwa DisplayPort-0 upande wa Xorg, na mpangilio uliouandalia upande mmoja hautatambuliwa upande wa pili. Chagua upande mmoja kwa chumba kizima.

Kuna tatizo jingine ambalo faili haliwezi kulitibu. Mashine imekwama kwenye 1024x768 na monita ni ya 1920x1080. Hapo mshuku waya kwanza, hasa wa VGA. Monita hujitambulisha kwa kompyuta kupitia pini namba 12 na 15, na waya wa bei ya chini huuzwa bila pini hizo kuunganishwa. Picha inapita, utambulisho haupiti. Kuhakikisha, andika wc -c /sys/class/drm/*/edid, amri inayohesabu baiti za utambulisho huo (EDID) kwa kila tundu. Tundu lenye monita linapaswa kuonesha 128 au 256. Likionesha 0, monita haijasikika. Badilisha waya. Swichi za kuunganisha kompyuta mbili kwa kioo kimoja nazo huleta tatizo hilohilo.

Muda wa skrini kuzimika unapangwa kwingine, kwenye dconf, hifadhi ya mipangilio ya GNOME. Faili la /etc/dconf/profile/user liwe na mistari miwili, user-db:user na system-db:local. Kisha katika /etc/dconf/db/local.d/00-skrini weka:

[org/gnome/desktop/session]
idle-delay=uint32 600

Malizia kwa sudo dconf update. Hiyo ni dakika 10, na kwa kuwa hujaifunga, anayesoma maandishi marefu anaweza kujiongezea. Kufuli zipo, kwenye folda ya locks humohumo, lakini kwa chumba cha kusomea sioni haja yake.

Mashine ya mwalimu inayounganishwa na projekta usiiwekee ile sera ya system, yaani ule mstari wa policy. Projekta hubadilika, wageni huja na zao, na mwalimu aliyesimama mbele ya darasa anahitaji kuchagua mwenyewe aakisi kioo au akitanue.

Monita ikifa ukaweka nyingine, usifute kipande cha zamani kwenye faili. Ongeza kipya chini yake na usambaze tena, kwa sababu ile ya zamani ikitoka kwa fundi itarudi mezani, na kipande chake kitakuwa bado kinaisubiri.