Usiuze hao kuku Jumamosi, soma hapa kwanza

Dada wa Mitwero, Lindi, salamu baadaye. Umesema chotara wako wana mwaka na nusu, wameacha kutaga tangu mwezi wa sita baridi ilipoingia, banda limejaa manyoya, unauliza habari ya taa za bandani ulizoona kwenye video, minyoo na jogoo, halafu mwishoni kabisa unachomeka eti Jumamosi anakuja mtu kuwachukua wote kwa bei ya jumla. Mwambie asije! Hao hawajazeeka wala hawajarogwa, wananyonyoka. Wanapukutisha manyoya ya zamani waote mapya, na unyoya karibu wote ni protini, yai nalo linataka protini hiyohiyo, kwa hiyo mayai yanasimama kwanza.

Mimi niko Mtwara na yalinikuta hayahaya. Kuna bwana mmoja ana duka la chakula cha mifugo, anaongea kwa kujiamini utadhani kuku kawaumba yeye, akanambia hao wamekwisha, kuku asiyetaga ni mdomo tu, niletee nikupunguzie mzigo. Eti anipunguzie mzigo! Nikampa wote kwa bei ya kutupa, nikashukuru, na tenga nikambebea mwenyewe mpaka kwenye bajaji yake. Sasa sikia hela ilivyokwenda. Palepale dukani kwake nikachukua vifaranga vya siku moja, chakula kwake, chanjo kwake, na kifaranga mpaka aje atage ni miezi mitano hivi mambo yakienda vizuri, unalisha tu hupati hata yai la kumkaangia mtoto. Mimi nahangaika na mifuko ya starter, chakula cha vifaranga, kule kwake kuku wangu wakamaliza kunyonyoka, korosho zinaanza kudondoka na wao wanadondosha mayai. Nimejuaje? Nilienda kununua mayai, ndio, NILINUNUA, nikachungulia nyuma ya duka namwona yule mwekundu mwenye kidole kilichopinda ananikodolea macho. Trei nikalipa bei kamili, hakunipunguzia hata mia. Wife mpaka leo nikileta yai nyumbani anauliza hili la kwetu au la kwa rafiki yako.

Kwa hiyo mimi sheria yangu ni moja, kuku hauzwi mpaka umemshika. Subiri usiku akiwa ametulia, mchukue taratibu, puliza manyoya ya shingoni yafunuke mpaka uone ngozi. Ukikuta vijiti vidogo vigumu vinachomoza kama miiba, hayo ni manyoya mapya, mrudishe alale na wala usimuuze kwa mtu yeyote. Usimbinyebinye, vile vijiti vina damu ndani na vinamuuma. Upanga wa kichwani utaukuta umepauka na kusinyaa, usishtuke, ukianza kurudi wekundu ujue yai liko njiani. Inaanzia kichwani na shingoni inashuka mpaka mkiani, miezi miwili mitatu, kuna wazembe wanafika minne. Akirudi mayai yanaweza kupungua kidogo kuliko mwaka wa kwanza ila yanakuwa makubwa, na hujalisha kifaranga hata kimoja. Huyo mteja wako wa Jumamosi muulize tu, anachinja au ana banda? Ila kama wanaharisha kijani, wanakoroma au shingo zinapinda, hapo ni ugonjwa, ita mtu wa mifugo haraka.

Na usiwape pumba tupu kwa hasira kwamba hawaleti kitu, hilo nalo alinifundisha bwana yuleyule. Sasa hivi ndio wanataka protini kuliko siku zote, layers mash yao, chakula cha kuku wa mayai, usiikate, ongezea na mashudu ya ufuta, huku kwetu kusini ufuta si wa kutafuta.

Taa achana nayo. Hizo video ni za Uingereza, London katikati ya Desemba urefu wa mchana haufiki hata masaa 8, ndio maana wenzetu wanawasha balbu wafikishe masaa 14 na kuendelea. Sisi huku Juni mchana una urefu wa masaa 11 na nusu, Desemba masaa 12 na dakika 40 hivi, na baridi ya Lindi ni ya kutafuta shuka tu sio ya kumzuia kuku kutaga. Kuku anayenyonyoka mwache apumzike. Hela ya balbu na umeme peleka kwenye dagaa wa kuwalisha, nenda pwani asubuhi bei inaongeleka, ila wakiwa wa chumvi waoshe vizuri sana au waache kabisa, chumvi nyingi inaua kuku.